Chumba Kidogo na Kioo: Wahamaji Waliopiga Picha za Mwili

Nilipowaambia wenzangu wa kikundi cha uandishi kwamba toleo hili nitaandika juu ya picha za uchi, mama mmoja tunayemheshimu sana aliweka kikombe chini, akanitazama, akauliza: "Mwanangu, u mzima kweli?" Watu walicheka. Nikamwambia nipo mzima, na kwamba ninachotaka kuandika ni historia, siyo uchafu. Akasema, "Haya, andika. Mimi nitasoma wa kwanza, na nikiona uchafu nakuja kwako na fimbo." Basi ndugu msomaji, makala hii nimeiandika huku naikumbuka fimbo hiyo.

Lakini nina sababu yangu. Tulipovuka mpaka na kufika kituo cha kupokelea watu, mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa. Alikuwa amelala kwenye mkeka, kitenge kimemteleza, kifua kiko wazi. Akaja mtu mwenye kamera kubwa, akampiga picha mara tatu nne, akaondoka. Hakutaja jina lake wala hakuuliza la mama. Miaka miwili baadaye nilikwenda ofisi moja kuulizia faili letu, nikaiona picha ile imebandikwa ukutani. Mama yangu, kifua wazi, ukubwa wa mlango, na chini yake maneno ya kuomba msaada. Nilikaa kwenye benchi chini ya picha hiyo hadi zamu yangu ikafika. Sikumwambia mtu kwamba yule ni mama yangu. Nilipofika nyumbani, mama mwenyewe pia sikumwambia.

Tangu siku ile kuna swali ambalo halijaniacha: mwili wa mtu ukipigwa picha, ni kitu gani hasa kinafanya picha impe mtu heshima au imnyang'anye? Nguo peke yake haitoshi kuwa jibu. Mama yangu alikuwa na kitenge, na bado nilihisi amevuliwa. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kupiga picha, zile ndogo za vitambulisho, katika chumba cha mabati chenye urefu wa hatua nne tu. Kwa hiyo nilianza kusoma habari za wapiga picha wa zamani. Katika kusoma nikakutana na watu walioishi ugenini kama sisi, wengine wakiwa wamepita kambini, ambao walipiga picha za watu wasio na nguo, na leo picha hizo zinatunzwa katika majumba ya makumbusho. Nilitaka kujua walifanyaje: taa waliweka wapi, kioo wapi, mtu alisimama wapi, na nani aliamua.

Askari aliyetazama maji

Wa kwanza ni André Kertész. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1894, katika familia ya Kiyahudi. Kijana huyu alifanya kazi ya ukarani kwenye soko la hisa, kazi ambayo hakuipenda, na mwaka 1912 alinunua kamera yake ya kwanza. Vita Kuu ilipoanza akachukuliwa jeshini, akaenda na kamera. Mwaka 1915 alijeruhiwa.

Mwaka 1917, akiwa bado anajiuguza katika mji wa Esztergom, alipiga picha ya mwanamume anayeogelea chini ya maji. Ni picha ndogo tu. Jua limepenya kwenye maji na mawimbi yamelikatakata. Mwili wa yule mtu umevutika, ukadhani kiwiliwili kimetengana na kichwa. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tunalijua jambo hili: ukisimama majini, miguu yako inaonekana mifupi na imepinda, na mtoto mdogo hushangaa. Kertész alishangaa vilevile, ila yeye alishangaa akiwa na kamera mkononi.

Mwaka 1925 alihamia Paris. Niseme kweli, hakuwa mkimbizi kwa maana ya karatasi tunazobeba sisi. Alikwenda kutafuta maisha. Lakini ugeni aliujua. Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha, na hata baadaye kule Marekani, Kiingereza hakikumkaa vizuri mdomoni. Aliishi kwa kuuza picha kwa magazeti, na kuanzia mwaka 1928 alipata kazi nyingi kwenye gazeti la picha lililoitwa Vu. Mwaka 1930, kwa ajili ya gazeti hilohilo, alimpiga picha mwandishi Carlo Rim mbele ya vioo vya kuchekesha katika kiwanja cha burudani cha Luna Park, vile vioo vinavyomfanya mtu awe mnene kama pipa au mrefu kama mlingoti.

Halafu mwaka 1933 likaja ombi kutoka gazeti la Le Sourire, yaani Tabasamu. Lilikuwa gazeti la vichekesho na utani wa watu wazima. Walitaka picha za wanawake wasio na nguo. Hapa pia niseme kweli: gazeti lile halikuwa shule ya heshima. Wasomaji wake wengi walitaka kuangalia na kucheka, basi. Kertész angeweza kupiga picha za kawaida, akachukua pesa yake akaenda. Badala yake alitafuta vioo vilivyopinda vya aina ileile ya viwanja vya burudani, na wanawake wawili waliokuwa wakifanya kazi ya kupigwa picha, mmoja akiitwa Nadia Kasine. Kwa pamoja walitoa picha karibu 200. Historia inaziita Distortions, kwa maana ya mipindo, au maumbo yaliyopotoshwa.

Kijiko na kioo

Ili kuelewa alichofanya, chukua kijiko kinachong'aa. Tazama upande wa nje, mgongo wa kijiko. Unajiona mdogo, na chumba kizima kimekusanyika nyuma yako. Sasa geuza, tazama upande wa ndani, uliobonyea kama bakuli. Unajiona kichwa chini miguu juu. Lakini weka ncha ya kidole karibu kabisa na ule upande wa ndani: kidole kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo. Kioo cha uwanja wa burudani ni kama vijiko vingi vilivyounganishwa. Hapa kimebonyea, pale kimebinuka. Sehemu moja ya mwili inavutwa, nyingine inaminywa, na ukisogea nusu hatua kila kitu kinabadilika.

Kwa hiyo katika kazi ya namna hii mtu anayepigwa picha si chungu kilichowekwa mezani. Akiinua bega kidogo, mkono wake unakuwa mto unaotiririka. Akirudi nyuma kidogo, mguu unapotea kabisa. Mpiga picha hawezi kumpanga kama anavyopanga kiti. Lazima wafanye pamoja, polepole: sogea, subiri, rudi, hapohapo. Katika picha zile utaona mkono umekuwa mrefu kuliko mguu, nyonga imejaa kama mwezi, na uso, pale unapoonekana, umebaki mdogo na umetulia, kana kwamba mwenyewe anatazama mambo yanayoupata mwili wake.

Sasa tuje kwenye kioo cha kawaida, bapa, kama hiki cha shilingi elfu chache tunachonunua sokoni. Nacho kina kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zinazomsaidia mtu mwenye chumba kidogo.

Kwanza, kioo kinaongeza umbali. Ukisimama mita moja na nusu mbele ya kioo, sura yako inaonekana iko mita moja na nusu nyuma ya kioo. Kamera ikiwa kando yako, itakuona kwenye kioo kana kwamba uko mita tatu mbali. Ni faida kubwa katika chumba ambacho huwezi kurudi nyuma, maana kumpiga mtu picha kwa karibu mno kunafanya kile kilicho mbele, iwe pua au goti, kiwe kikubwa kupita kiasi. Lakini lazima lenzi ilengwe kwenye ule umbali wote wa mita tatu. Ukilenga kwenye kioo chenyewe utapata vumbi na alama za vidole, na mtu atakuwa ukungu.

Pili, kioo kinarudisha mwanga kwa pembe ileile ulioingia nayo. Kama wewe kwenye kamera unaiona taa ndani ya kioo, basi taa itaingia kwenye picha kama doa jeupe. Sogeza taa au sogeza kioo mpaka usiione. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya kamera inayowaka ghafla ikielekezwa moja kwa moja kwenye kioo hurudi ikaiunguza picha. Mwanga mzuri wa chumba kidogo unatoka pembeni: dirisha moja, au mlango ulioachwa wazi nusu, na upande wa pili shuka jeupe la kurudisha mwanga kidogo kwenye kivuli. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha mviringo wa bega na mfereji wa mgongo. Ukiuelekeza mwanga kutoka mbele, mwili unakuwa bapa kama karatasi. Na mwanga hupungua haraka: mtu akiwa mbali na taa mara mbili, anapata robo tu ya ule mwanga. Katika chumba kikubwa unaweza usilione jambo hilo. Katika chumba cha hatua nne, hatua moja tu inatosha kubadili mchana kuwa jioni.

Tatu, na hii ndiyo iliyonigusa: katika kioo kutazama hakwendi upande mmoja. Mtu aliye mbele ya kioo akiiona lenzi ndani yake, basi na lenzi inamwona yeye machoni. Na kama haioni lenzi, haiwezi kumwona macho. Siyo methali hiyo, ni fizikia. Chumba chenye kioo kinamfanya mpiga picha aonekane. Ni vigumu kuiba picha ya mtu anayekutazama.

Kamera ya polisi

Mtu wa pili ni Bill Brandt, aliyezaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1904. Alijifunza kwa muda kwa Man Ray kule Paris, akahamia London mwaka 1934. Uingereza wakati ule, kuwa na harufu ya Ujerumani ilikuwa balaa. Brandt akawa anasema amezaliwa London kusini, na uongo huo aliubeba maisha yake yote. Sisi tunaoishi kwa kuulizwa kila siku "wewe ni wa wapi hasa?" tutamhukumu polepole.

Miaka ya 1940 vita ikielekea mwisho, alikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika kamera ya zamani ya mbao, aina ya Kodak, ambayo ilikuwa ikitumiwa na polisi kupiga picha za mahali palipotokea uhalifu. Ilitengenezwa ionyeshe chumba kizima kwa mara moja, kuta zote, kila kilichoanguka sakafuni. Tundu lake la mwanga lilikuwa dogo sana, kiasi kwamba kwenye kioo chake cha kutazamia Brandt aliona giza tupu. Hakuwa na njia ya kujua kwa uhakika picha itatokaje. Aliweka kamera, akamwomba mtu atulie, akasubiri mwanga wa dirisha uingie.

Akaitumia kupiga picha za wanawake wasio na nguo katika vyumba vya kawaida vya London: kiti, dirisha, mlango, pazia. Lenzi ile pana ilikifanya chumba kidogo kionekane kama ukumbi, dari likiwa mbali kama mbingu, na mguu ulio karibu na kamera ukawa mkubwa kama mwamba. Mwaka 1961 alitoa kitabu cha kazi hizo, Perspective of Nudes. Yeye hakuhitaji kioo kilichopinda; lenzi yenyewe ilifanya kazi ile. Ila mimi ninachokumbuka zaidi ni kifaa chenyewe. Kamera iliyotengenezwa kukusanya ushahidi, itazame chumba cha mtu kama mahali pa kosa, mtu mwingine aliichukua akatazama nayo mtu kama mlima au pwani. Kifaa ni kilekile. Hapa kambini pia tunapigwa picha na vifaa vya ushahidi: macho, vidole, uso mbele ya ukuta mweupe. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe nakula kwa picha hizo. Nasema tu kwamba kamera haijui inatafuta nini. Anayejua ni aliyeishika.

Duka la mikoba na hariri iliyolowa

Wa tatu ni Erwin Blumenfeld, Myahudi wa Berlin, aliyezaliwa mwaka 1897. Baada ya vita ya kwanza aliishi Uholanzi, akafungua duka la mikoba ya ngozi Amsterdam. Duka halikwenda vizuri. Lakini mwaka 1932 alipohamia jengo jingine katika mtaa wa Kalverstraat, alikuta nyuma ya duka kuna chumba cha giza cha kusafishia picha. Kuanzia hapo, mama aliyekuja kununua mkoba angeweza kuombwa akae apigwe picha. Duka likafilisika, Blumenfeld akawa mpiga picha. Mwaka 1936 akahamia Paris.

Kule Paris alifanya majaribio ya kila aina: vioo, vivuli, kusafisha picha kwa namna isiyo ya kawaida ili kingo za mwili zing'ae. Picha yake inayojulikana sana ni ya mwaka 1937: mwanamke amefunikwa hariri iliyoloweshwa maji. Kitambaa kimemshika, na kila mkunjo umeshika mwanga wake. Ukiitazama unafikiria sanamu za mawe za kale. Mtu yule amefunikwa na bado ni uchi. Ni uchi na bado amefunikwa. Nilipoiona nilifikiria kitenge cha mama kilichoteleza. Tofauti haikuwa kiasi cha nguo. Kitambaa kimoja kilipangwa, kwa mikono, kwa muda, na mtu aliyejua kinachofanyika. Kingine kiliteleza, na mtu akawahi kubonyeza.

Vita ilipoanza, Blumenfeld akiwa Ufaransa alihesabiwa kama Mjerumani, raia wa nchi adui, ingawa Wajerumani wenyewe wangemuua kwa Uyahudi wake. Akafungwa katika kambi mbalimbali, ikiwamo ya Le Vernet. Mwaka 1941 yeye na familia yake walifanikiwa kufika New York. Ilse Bing, mzaliwa wa Frankfurt, aliyejipiga picha mwaka 1931 kwa kutumia vioo viwili ili aonekane uso kwa mbele na kwa upande kwa wakati mmoja, huku kamera yake ya Leica ikionekana wazi, naye alifungwa mwaka 1940 katika kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Yeye pia alifika New York mwaka 1941. Nawataja ili tujue kwamba watu waliofundisha dunia namna ya kutumia kioo katika picha, baadhi yao walipanga foleni ya chakula nyuma ya seng'enge.

Mkasi

Sasa turudi kwa Kertész, maana kisa chake hakijaisha.

Mwaka 1936 alikwenda New York na mkewe Elizabeth kwa mkataba wa kazi. Walidhani ni kwa muda mfupi. Mkataba ukavunjika, kisha vita ikafunga njia ya kurudi. Mabamba yake mengi ya kioo, ambayo ndiyo picha asilia zenyewe, aliyaacha Paris kwa mtu wa kuyatunza. Nani kati yetu hajaacha sanduku kwa jirani akisema "narudi mwezi ujao"?

Marekani hawakuipokea ile mipindo. Mwaka 1937 jumba la Museum of Modern Art liliandaa maonyesho makubwa ya historia ya upigaji picha, na msimamizi wake, Beaumont Newhall, alitaka picha mojawapo ya zile. Kwa jinsi Kertész alivyosimulia mwenyewe hadi uzeeni, aliambiwa picha ikatwe chini, sehemu ya siri isionekane. Ikikatwa ni sanaa, isipokatwa ni aibu. Alikubali, maana alikuwa mgeni na alihitaji jina. Lakini kisu kile hakikumtoka rohoni. Kwake mwili ule ulikuwa mmoja, umeyeyushwa na kioo na ukabaki mzima. Aliyeukata vipande ndiye aliyeona sehemu ya kuonea aibu.

Wengine mtasema Newhall alikuwa sahihi, kwamba jumba la umma lina watoto na wazee. Sipingi. Mimi pia nisingeibandika picha ile kwenye ukuta wa shule yetu. Swali langu ni jingine: kuhusu picha hii, ni nani walioulizwa? Mpiga picha aliambiwa. Nadia Kasine na mwenzake, wenye miili yao, hawakuwapo kwenye mazungumzo. Hapo ndipo ninapomdai hata Kertész ninayempenda. Kioo kilichopinda kiliwalinda kwa kuwaficha, maana hakuna jirani ambaye angewatambua barabarani. Lakini kilekile kiliwafuta. Miaka mingi picha zimejulikana kwa namba: mpindo namba fulani, mpindo namba fulani.

Wakati wa vita, kwa kuwa Hungaria ilikuwa upande wa Ujerumani, Kertész naye akaandikwa raia wa nchi adui, akachukuliwa alama za vidole, akawekewa mipaka ya kupiga picha nje. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1944. Mabamba yake ya Paris aliyapata tena mwaka 1963, mengine yakiwa yamevunjika. Kuna bamba moja la mwaka 1929, picha ya paa za Paris, lililopasuka likabaki na tundu. Hakulitupa. Alilisafisha hivyohivyo, na nyufa zake, na leo ni moja ya picha zake maarufu. Kitabu kizima cha ile mipindo ya mwaka 1933 kilitoka Marekani mwaka 1976, miaka 43 baadaye, mwenyewe akiwa amepita miaka 80.

Uchi na utupu

Lugha yetu ina maneno mawili, uchi na utupu, na mara nyingi tunayachanganya. Lakini utupu ni pia hali ya kitu kisicho na kitu ndani: debe tupu, nyumba tupu. Baada ya kusoma historia hii nimeanza kuyatenganisha kichwani mwangu. Picha ya uchi inaweza kuwa na mtu ndani yake. Picha ya utupu ni ile ambayo mtu ametolewa, ukabaki mwili peke yake. Na kwa kipimo hicho, picha ya utupu inaweza kupigwa hata kwa mtu aliyevaa nguo.

Vijana wangu, msinielewe vibaya. Siwaambii mwende mkavue nguo mbele ya simu. Sheria za nchi zinazotuhifadhi ni kali, heshima za wazazi wetu ni kali zaidi, na picha ikishaingia kwenye WhatsApp ya mtu mmoja hairudi tena mikononi mwako. Kertész aliacha mabamba kwa mtu mmoja. Wewe ukituma, umeacha kwa dunia. Ninachowaambia mjifunze kutoka kwa watu hawa ni kazi yenyewe: mwanga wa pembeni, kuta zenu ndogo, shuka jeupe, subira, na kumwacha anayepigwa picha ajione kabla hujabonyeza.

Mimi nimetundika kioo katika chumba changu cha picha, kando ya kamera. Bibi mmoja alikuja kupiga picha ya kadi, akajitazama, akafungua kilemba, akakifunga upya, akakifungua tena. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Kisha akasema, "Sasa piga." Kadi yake ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huu.

Na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, mnaosoma jarida hili: najua picha zinaleta chakula, na wengi wenu siku hizi mnauliza na mnaleta fomu ya kusaini. Ila fomu iliyoandikwa Kiingereza, ikisainiwa na mtu mwenye njaa anayedhani akikataa atakosa mgao, ni mkasi mwingine tu. Mwonyesheni mtu picha yake. Mwambieni itakwenda wapi. Mwulizeni jina. Akisema hapana, mgao wake uwe uleule.

Kabla ya kumaliza makala hii nilimwambia mama. Nilimweleza habari ya picha, ukuta, benchi, yote. Alinyamaza muda mrefu huku anachambua maharage. Kisha akauliza, "Inaonyesha uso?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Wangeniuliza ningekubali. Nilikuwa mgonjwa kweli, na watu wajue. Ila ningejifunga kitenge kwanza, na ningekaa. Nisingelala."

Jumatatu tumepeleka barua kwenye ile ofisi, ameisaini yeye mwenyewe. Anaomba picha ile ishushwe. Ameongeza kwamba wakitaka nyingine waje mchana, mwanga ukiwa mlangoni, naye atakuwa amekaa.